Ulanzi "kidogo" ni kiasi gani?

Mvua zikishika huku Mufindi, mkoani Iringa, mgema huingia kwenye mianzi asubuhi na jioni. Anachonga upya ncha ya chipukizi, anamimina utomvu uliojaa kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachoukinga, kisha anairudisha mahali pake. Ulanzi wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata watoto wanaonja. Ukikaa, unakuwa mkangafu. Dumu ni lilelile na hakuna aliyeongeza kitu, ila chachu imekula sukari na kuacha pombe.

Baba yangu mdogo ana presha, na kila nikienda kumsalimia huniambia, "Mwanangu, ulanzi kidogo unasafisha moyo." Hakulitunga hilo. Mwaka 1992 Mfaransa Serge Renaud na mwenzake waliandika kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi, lakini wanaokufa kwa moyo ni wachache kuliko ilivyotarajiwa, na wakaitaja divai kama sababu. Hata Desemba 2024, jopo la Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani lilieleza kuwa, katika tafiti lilizozipitia, vifo vya wanaokunywa kwa kiasi vilikuwa pungufu kwa asilimia 16 kuliko vya wasiowahi kunywa. Huo si uvumi wa kilabuni, na anayemjibu baba mdogo lazima aanze kwa kuukubali.

Ninachokitilia shaka ni sababu. Tafiti nyingi za zamani ziliwaweka walioacha pombe kwa kuugua kwenye kundi moja na wasiokunywa, kwa hiyo wanywaji wakaonekana wazima zaidi. Tena anayekunywa glasi moja na kuishia hapo mara nyingi ana kipato, anakula vizuri, anaonana na daktari mapema. Mwaka 2019 watafiti waliangalia Wachina waliorithi vinasaba vinavyowafanya wasiivumilie pombe. Hao hunywa kidogo kwa sababu ya kurithi, si kwa ugonjwa wala kipato, na kwa njia hiyo ile kinga dhidi ya kiharusi haikuonekana: pombe ilivyozidi, ndivyo hatari ilivyopanda.

Upande wa saratani ushahidi una miguu imara zaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka pombe kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, tangu 1988. Mwili huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, na hiyo huharibu DNA kuanzia mdomoni na kooni hadi kwenye ini na utumbo mpana. Kwa wanawake, pombe pia huongeza homoni ya estrojeni, na hapo ndipo titi linapoingia. Divai ya dukani, komoni na ulanzi, kwa hili ni kitu kimoja.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Tahadhari ya Daktari Mkuu wa Marekani ya Januari 2025 inatoa hesabu hii: kati ya wanawake 100 wasiofikisha kinywaji kimoja kwa wiki, 17 hivi watapata saratani inayohusiana na pombe maishani mwao. Wakinywa kimoja kila siku ni 19, viwili ni 22. Ukiwa mbali na wodi, wawili zaidi katika mia ni wachache. Mimi siwaoni wachache, lakini namwelewa mtu mzima atakayepima na kuamua kunywa.

Shida ni kwamba hapa kwetu pombe haipimiki. Kinywaji kimoja kwa kipimo cha Marekani kina gramu 14 za pombe halisi. Mkangafu ukifikia nguvu ya bia ya kawaida, asilimia 5, lita moja ina karibu gramu 40, yaani vinywaji vitatu bila kidogo. Na lita moja kwenye benchi la kilabu ndiyo hiyo watu wanayoiita "kidogo". Dumu halina lebo, na nguvu ya saa nne si ya saa kumi.

Mwezi uliopita nilimweleza baba mdogo haya yote, nikamwomba presha aiachie vidonge alivyoandikiwa. Alisikiliza, akanyamaza. Aliyeuliza ni mama mdogo, aliyekuwa akichambua mboga pembeni. Kwa miaka yote wamekuwa wakishirikiana kopo moja, na habari za moyo amezisikia mpaka amezichoka. "Na hilo la titi," akasema, "mbona kliniki hawajawahi kutuambia?"