Mtoto Hakui Vipande Vipande

Wazazi wakikutana, hawakawii kulinganisha. Wako ameota meno mangapi? Ameanza kutambaa? Anasema nini? Sina ugomvi na maswali hayo, maana yanatoka kwenye mapenzi na wasiwasi wa kweli. Kinachonisumbua ni kinachofuata: tunamgawa mtoto mafungu, hili la mwili, hili la akili, hili la lugha, hili la hisia na kuishi na watu, kisha tunachagua moja la kulihangaikia. Mara nyingi tunachagua akili, na kwa akili tunakusudia herufi na namba. Mengine tunaamini yatajiendea yenyewe.

Wataalamu wa makuzi walikuwa na sababu nzuri ya kuyagawa maeneo hayo, kwani mgawanyo unamsaidia muuguzi au mwalimu asisahau jambo anapomchunguza mtoto. Lakini ndani ya mtoto mwenyewe hakuna kuta.

Ushahidi ninaoukumbuka kila mara ni wa mtaalamu wa lishe wa Uingereza, Elsie Widdowson. Miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifuatilia nyumba mbili za watoto yatima nchini Ujerumani, kila moja ikiwa na watoto 50 hivi. Kwa miezi 6 nyumba zote zilikula mgao uleule. Kisha moja ikaanza kupewa chakula cha ziada, ili ionekane watoto watanenepa na kurefuka kiasi gani. Matokeo yakaja kinyume. Nyumba isiyoongezewa kitu ndiyo iliyokua vizuri zaidi. Widdowson alipochunguza, akagundua kwamba wakati uleule chakula kilipoongezwa, mlezi mkuu mmoja alikuwa amehamishwa kutoka nyumba ile nyingine kuja kwenye hii yenye chakula. Alikuwa mama mkali sana, na alipenda kuwakaripia watoto mbele ya wenzao wakati wa kula. Alikotoka, watoto walipumua wakakua. Alikohamia, walidumaa mbele ya sahani zilizojaa. Wachache aliowapendelea ndio walionawiri chini yake. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1951, na mimi naona ingetosha kumaliza ubishi wa wale wanaosema upendo ni jambo la moyo tu na mwili unahitaji chakula basi.

Njia hiyo inapitika pande zote mbili. Mwili nao hufungua milango ya hisia na akili. Mwanasaikolojia Joseph Campos na wenzake walionyesha kwamba hofu ya kimo haiji kwa umri peke yake. Chukua watoto wawili wa umri mmoja: aliyekwisha kutambaa kwa wiki kadhaa hushtuka akiteremshwa juu ya shimo lililofunikwa kioo, ilhali ambaye hajaanza hulitazama tu kwa udadisi. Kujisogeza ndiko kunakomfundisha kwamba chini kuna mbali. Naye akishajua hatari ipo, anaanza kuwatafuta watu wamsaidie kuipima. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1985, watoto wa mwaka mmoja walifikishwa kwenye ukingo wa shimo kama hilo, mama zao wakiwa ng'ambo. Mama alipotabasamu, wengi walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, hakuna hata mmoja aliyethubutu. Tukio hilo tuliweke kwenye fungu gani? Kuna magoti, macho, woga, imani kwa mama, na mazungumzo yasiyo na neno hata moja.

Ndiyo maana nasononeka nikiona mtoto wa miaka 3 amekalishwa muda mrefu kunakili herufi ambazo vidole vyake havijawa tayari kuziandika. Tunadhani tunaiharakisha akili. Muda huo tumeuchukua kutoka kwenye kupanda, kumwaga maji, kugombania kitu na mwenzake kisha kupatana, na kuuliza maswali yasiyoisha. Mle ndimo lugha na kufikiri vinamokomaa, na mle ndimo mkono unamopata nguvu ya kushika penseli. Vilevile mtoto mchanga hahitaji video ya kumfundisha maneno kama anavyohitaji uso unaomjibu. Mlezi aliyezama kwenye simu yupo hapo kwa mwili, lakini jibu ambalo mtoto analingoja haliji.

Kuhusu kulinganisha, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi kadhaa, zikiwemo Ghana, India na Norway, na mwaka 2006 likatoa viwango vyake. Umri wa kuanza kutembea bila kushikwa ulitofautiana sana, kuanzia takriban miezi 8 hadi karibu 18, na wote hao walihesabiwa kuwa kawaida. Zaidi ya watoto 4 katika kila 100 hawakupitia kabisa kutambaa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo wa jirani kutangulia kusimama dede hakukuambii lolote kuhusu wako.

Ila upana huo usigeuke kisingizio cha kungoja. Mtoto asiyegeuka anaposikia sauti, asiyetazamana na watu, aliyefikisha miezi 18 bila kutembea, au aliyekuwa anaweza jambo kisha akalipoteza, apelekwe kwa mtaalamu mapema, na wanaosema "atakuja tu" wasisikilizwe. Na ukimpeleka kwa sababu amechelewa kusema, usishangae mtaalamu akianza kwa kupima masikio, kisha akauliza analalaje, anacheza na nani, na nani anazungumza naye nyumbani.