Jina la Kaga lingeachwa lipumzike

Machi 2009, Japani ilipotuma manowari zake za kwanza kupambana na maharamia katika Ghuba ya Aden, zilizong'oa nanga bandarini Kure zilikuwa mbili: Sazanami na Samidare. Sazanami ni viwimbi vidogo juu ya maji. Samidare ni mvua ya mwezi wa tano wa kalenda ya zamani, ile inayonyesha siku baada ya siku wakati miche ya mpunga iko shambani. Ukizitazama utaona mizinga, makombora na helikopta. Ukisikia zikiitwa, utadhani mtu anaghani shairi.

Nayapenda majina ya manowari za Japani. Nimeyafuatilia kwa miaka mingi, na sijaona jeshi jingine la majini lililowaza kwa kina kiasi hicho kabla ya kukipa chuma jina. Kwa mapenzi hayo hayo nasema kwamba jina Kaga, la meli ya kubeba ndege iliyozama mwaka 1942 na sasa la meli mpya ya Japani, halikupaswa kurudishwa baharini.

Katika jeshi la majini la kifalme, lile lililovunjwa baada ya kushindwa mwaka 1945, jina lilikueleza chombo ni cha aina gani hata kabla hujakiona. Manowari kubwa za mizinga mizito zilichukua majina ya majimbo ya kale: Nagato, Mutsu, Ise, Hyuga, Musashi, na juu ya zote Yamato, ambalo ni jimbo la Nara na pia ni jina la kale la nchi nzima. Kruza nzito, manowari za ukubwa wa kati, zilikuwa milima, kama Takao, Myoko na Chokai. Kruza nyepesi zilikuwa mito. Meli za kubeba ndege zilipewa viumbe warukao: Hiryu, joka arukaye, Shokaku, korongo apaaye, Hosho, ndege wa hadithi aliye hewani. Nyambizi nyingi hazikupewa jina lolote, ila herufi na namba.

Yaliyo mazuri kuliko yote yaliangukia destroya. Hizi zilikuwa meli nyembamba, za kasi, zenye topido, yaani makombora ya chini ya maji, na kwa daraja rasmi hazikuhesabiwa kuwa manowari kamili. Manowari kamili ilibeba omoni ua la krisanthemu la dhahabu, alama ya Kaizari, destroya haikubeba. Lakini washairi wote wa Japani ni kama waliitwa kuja kuzipa majina. Fubuki ni dhoruba ya theluji. Akatsuki ni alfajiri, na dada zake ni Hibiki, mwangwi, Ikazuchi, ngurumo, Inazuma, umeme. Kundi la Mutsuki lilianza na majina ya kale ya miezi: Mutsuki mwezi wa kwanza, Kisaragi wa pili, Yayoi wa tatu, Uzuki wa nne. Kisha likaja kundi la Shiratsuyu, yaani umande mweupe, katika miaka ya 1930, na humo nusu ni mvua. Harusame ni mvua ya masika yao, laini na ya taratibu. Yudachi ni ile inayoshuka ghafla jioni ya kiangazi. Murasame huja na kupita. Shigure ni manyunyu baridi ya mwisho wa vuli, majani yakiwa yamekwisha kudondoka.

Haya si majina yaliyookotwa kwenye kamusi. Ni maneno ambayo mashairi ya Kijapani yameyatumia kwa karne nyingi kutaja majira, kiasi kwamba msomaji akiona neno Shigure hahitaji kuambiwa ni mwezi gani, wala moyo wa msemaji una hali gani. Destroya nyingi zilizojengwa miaka ya 1920 zilianza na namba tupu. Mwaka 1928 ndipo namba zikafutwa na zikapewa maneno haya. Mimi nasoma hapo kwamba hata wakuu wa jeshi walitambua kuwa mabaharia wanahitaji kitu cha kukipenda.

Na hakuna mtu. Hilo ndilo linalonivutia zaidi. Marekani imeweka majina ya marais kwenye meli zake za kubeba ndege. Kwa miaka mingi gati la Yokosuka, ndani ya Japani yenyewe, lilikuwa makao ya USS Ronald Reagan. Waingereza wamependa sifa: Invincible, isiyoshindika, ambayo ililipuka na kuzama vitani mwaka 1916. Jeshi la Wanamaji la Kenya lina Jasiri, Shujaa na Shupavu, lakini pia lina Tana na Galana, mito, jambo ambalo Mjapani angelielewa mara moja. Wajapani walikwepa watu. Walipotaka kumkumbuka Nobu Shirase, mpelelezi wao wa Antaktika, katika meli ya kuvunja barafu iliyoanza kazi mwaka 1982, jina lilipitia njia ya mzunguko: rasmi meli ile ya Shirase imeitwa kwa mto wa barafu wa Shirase, ambao ndio ulioitwa kwa mtu huyo. Naona busara katika hilo. Mtu hubadilika katika hukumu ya historia, leo shujaa kesho mtuhumiwa. Mlima Takao hauna la kujibu.

Ila busara hiyo ina mpaka wake, kwa sababu majina yale yalifanya kazi za kisiasa pia. Mkataba wa Washington wa 1922 ulipopunguza manowari kubwa, Japani ilikuwa na magamba ya meli ambayo hayakuruhusiwa kukamilishwa kama yalivyokusudiwa. Akagi ilikuwa iwe kruza kubwa ya vita, na ndiyo maana ikaitwa mlima. Kaga ilikuwa iwe manowari ya mizinga mizito, na ndiyo maana ikaitwa jimbo. Iliokolewa isivunjwe kwa kuwa Amagi, mwenzake Akagi, iliharibika gatini katika tetemeko kubwa la Septemba 1923. Zote mbili zikageuzwa kuwa meli za kubeba ndege, na majina hayakuguswa. Anayejua kanuni akiyasikia anajua mkataba ulipita hapo.

Mogami ni kisa cha upande wa pili. Ni jina la mto, maana yake kruza nyepesi, na ndivyo ilivyoandikishwa chini ya masharti ya mkataba wa London wa 1930. Japani ilipojitoa katika mikataba, mizinga ya sentimita 15.5 iliondolewa na mahali pake ikafungwa ya sentimita 20.3. Ikawa kruza nzito, nayo bado inaitwa kwa jina la mto. Yaani jina liliendelea kusema "nyepesi" wakati mizinga inasema vingine.

Sasa njoo kwetu, kizazi hiki. Kikosi cha Kujihami cha Majini kilianzishwa mwaka 1954, na majina rasmi ya meli zake huandikwa kwa hiragana, herufi za sauti, zenye umbo la mviringo na upole, badala ya kanji za zamani, alama zilizotoka China. Mvua na mawimbi vilirudi mapema, na mimi sina tatizo navyo. Jina Yukikaze, upepo wa theluji, lilirudi kazini mwaka 1956, wakati ile Yukikaze ya vita, iliyopona kila pambano ililoingia, bado ilikuwa inatumika Taiwan. Wachina walikuwa wamekabidhiwa mwaka 1947 kama sehemu ya fidia, nao wakaibadilisha jina, wakaiita Tan Yang. Walichukua chuma, jina wakalikataa.

Kisha zikaja meli zenye deki ndefu bapa: Hyuga mwaka 2009, Ise mwaka 2011, Izumo mwaka 2015, Kaga mwaka 2017. Serikali iliziita meli za ulinzi, za helikopta, kwa kuwa katiba ya baada ya vita inaibana nchi isiwe na silaha za kushambulia. Lakini sikiliza majina. Yote manne ni majimbo. Ise na Hyuga za zamani zilikuwa manowari pacha ambazo katika vita zilikatwa mizinga ya nyuma na kuwekewa deki ya ndege. Waliochagua majina hayo kwa meli za deki walijua wanachofanya. Desemba 2018 serikali ilipotangaza kuwa Izumo na Kaga zitarekebishwa zibebe ndege za kivita za F-35B, aliyekuwa akifuatilia majina hakushangaa. Daraja rasmi lilisema ulinzi. Jina lilikuwa limeshatoboa siri.

Kaga ya kwanza ilikuwa nini? Mwanzoni mwa 1932 ndege zake zilikuwa juu ya Shanghai. Mwaka 1937 zilirudi China. Desemba 1941 ilikuwa miongoni mwa meli sita zilizorusha ndege dhidi ya Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii. Ilizama karibu na Midway, katika Pasifiki, tarehe 4 Juni 1942, ikiungua, na mamia ya mabaharia wake. Izumo ya zamani nayo ilikuwa meli ya kamanda wa kikosi cha Japani mtoni Shanghai mwaka 1937. Ndege za China zilipojaribu kuipiga tarehe 14 Agosti mwaka huo, mabomu yaliangukia mitaa iliyojaa raia. Kwa mtu wa Shanghai, Izumo ni jina la meli iliyokuwa ikionekana kutoka dirishani. Izumo mpya ilishushwa majini tarehe 6 Agosti 2013, siku ile ile ya kumbukumbu ya Hiroshima, na malalamiko ya China yalikuwa makali.

Watetezi wanasema Kaga ni mahali. Ni kweli. Ni sehemu ya mkoa wa Ishikawa wa leo, na lilikuwa jimbo karne nyingi kabla ya meli yoyote. Izumo ni kwenye mojawapo ya mahekalu makongwe kabisa ya Shinto, dini ya jadi ya Japani. Watu wa huko hawana kosa, na wana haki ya kujivunia kwao. Hoja hiyo naiheshimu, ila hainitoshelezi, kwa sababu jeshi lenyewe la zamani halikuyachukulia majina kama vibandiko vya mahali tu. Ndani ya Yamato mlikuwa na hekalu dogo lililofungamanishwa na hekalu la Oyamato huko Nara, na mpaka leo hekalu hilo linawakumbuka waliokufa meli ilipozama tarehe 7 Aprili 1945, watu karibu 3,000. Jina liliwafunga mabaharia na ardhi, miungu na wafu. Huwezi kulipa uzito wote huo wakati wa kulitukuza, halafu kulipunguza likawa ramani tu jirani anapouliza.

Tena Japani yenyewe inajua. Hakuna meli ya Kikosi cha Kujihami iliyopewa jina Yamato wala Musashi. Mji wa Kure ulifungua jumba la makumbusho la Yamato mwaka 2005, na huko ndiko jina hilo linaishi, penye picha za vijana waliokufa na barua zao. Kumbe kuna majina yanayoachwa kwa heshima. Kaga ilistahili heshima hiyo hiyo.

Mtu atauliza: na Samidare je? Samidare ya zamani nayo ilipigana Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki. Najua, na nakubali mpaka ninaouweka si mnyoofu. Ila mvua ya mwezi wa tano itanyesha kila mwaka, na hakuna mji uliomjua adui wake kwa jina hilo. Kaga ilikuwa miongoni mwa meli zilizofungua vita juu ya vichwa vya watu waliolala.

Hata sisi wa pwani hii tumo katika hesabu. Baada ya meli za Japani za kubeba ndege, Akagi, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku, kuipiga Ceylon, Sri Lanka ya leo, Aprili 1942, kikosi cha Uingereza cha Bahari ya Hindi kilirudi nyuma mpaka Kilindini. Na tarehe 12 Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido mbili karibu na Maldives, ikazama kwa takriban dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Wengi walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, na walikuwamo wauguzi pia. Nyambizi iliyoipiga haikuwa mvua, mwezi wala korongo. Iliitwa I-27.

Nafikiri kuhusu familia zilizopokea habari hiyo, na kuhusu namna wimbo ule wote wa majina ulivyokuwa wa ndani, wa kuwafariji walio juu ya deki. Aliyekuwa ndani ya maji hakupata hata neno moja la shairi. Kwa hiyo anayechagua jina la manowari leo ana wasikilizaji wa aina mbili, na wa pili ana haki ya kuulizwa.

Wala si kwamba maneno yamekwisha. Nyambizi za karibuni zimepewa nyangumi. Kundi linaongozwa na Taigei, nyangumi mkubwa, jina lililowahi kutumika katika jeshi la zamani, lakini mnamo 2023 ikaja Hakugei, nyangumi mweupe, na mwaka 2025 Raigei, nyangumi wa ngurumo. Haya mawili ni mapya na yana uzuri ule ule wa Harusame na Akatsuki, bila mji wowote ulioteketezwa nyuma yake. Meli kubwa zaidi bado zitajengwa, na kikao cha kuchagua majina kitakaa tena. Milima ya Japani ambayo haijawahi kupanda manowari ni mingi. Waanze na hiyo.