Huru Bila Karatasi

Nimerudi sasa hivi kutoka kituo cha kura, hata viatu sijavua, na swali langu ni moja tu. Mtu mzima, mwenye leseni halali, aliyekula kiapo cha uraia mkono juu ndani ya suti ya kuazima, anatokaje zamu ya usiku, anapanga foleni ya kura hapa Louisville, Kentucky, na usingizi wake machoni, halafu anarudishwa nyumbani mikono mitupu?

Niseme taratibu, maana mama watoto yuko jikoni na stika yake ya "Nimepiga kura" kifuani. Nikipandisha sauti atakuja kuegemea mlango nayo.

Mnaikumbuka ile fomu ya kujiandikisha. Unaandika jina, unaandika anwani ya ile nyumba ambayo kodi yake haijui kushuka, unafika kwenye chama. Democrat, Republican, na vingine vidogo vidogo. Mama watoto aliweka alama kwa Democrat bila hata kukaa, kwa sababu dada aliyekuwa na meza nje ya msikiti alikuwa mchangamfu. Mimi nikakaa. Nikatafakari. Marehemu baba kule Tanga alikuwa na kadi ya kijani ya chama, akiilipia ada, akiitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Maji yalipoingia ndani, kadi iliokolewa kabla ya redio. Huku hakuna kadi wala ada, ni alama tu ya kalamu, na bado nikajisemea hapana, mimi nitakuwa mtu huru. Nikaweka alama kwenye Independent, yaani asiye na chama. Kalamu nikailaza mezani polepole, ili waone.

Basi leo.

Mezani alikaa bibi mwenye miwani ya mnyororo. Hawa mabibi wa Kentucky wanakuita mpenzi hata mkeo akiwa ubavuni, tumeshazoea. Mama watoto akatangulia. Leseni ikasomwa, mashine ikakohoa, karatasi ikatoka ndefu, imejaa majina. Akaenda kibandani kujaza viduara, taratibu, hana haraka na mtu. Zamu yangu ikafika. Bibi akatazama kioo chake, akanitazama, akakitazama tena.

"Mpenzi, wewe ni Independent."

Nikainua kidevu. "Ndiyo, mama."

"Basi leo sina karatasi ya kukupa."

Nikadhani hatujaelewana. Nikarudia kwa sauti ya kutosha kwamba mimi ni Independent, na foleni nyuma yangu ikaanza kupata burudani. Bibi akanieleza kwa upole ule unaouma: leo ni mchujo, kila chama kinateua wagombea wake wa Novemba, na mchujo wa Kentucky umefungwa. Democrat wanachuja wao, Republican wanachuja wao. Asiye na chama anangojea viti visivyo na chama, kama vya majaji, na hao nao wanaingia mchujo wa Mei pale tu wagombea wanapozidi wawili. Mwaka huu kwenye eneo langu hawakuzidi.

"Kwa hiyo angejitokeza jaji mmoja zaidi, mimi ningepiga kura?"

"Ungepiga, mpenzi."

Nikamwambia basi anibadilishie. Aniandike chochote, aniandike Republican, aniandike vyote viwili nusu kwa nusu. Akasema hilo mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Desemba. Tarehe 31 Desemba! Nani siku hiyo ana akili ya kuwaza chama? Mimi siku hiyo nilikuwa ghalani, kiuno kimekatika, napokea zawadi za Krismasi ambazo watu wamezirudisha.

Nikasema kodi. Mnajua Marekani ukiishiwa hoja unasema kodi. Nikasema huu mchujo ni wa vyama vyao lakini unaendeshwa kwa hela ya umma, na jasho langu limo, mguu mmoja wa meza hiyo ni wangu. Bibi akakubali kabisa, akanishukuru kwa mchango. Kisha akageuka akaita, "Sherifu!"

Jamani. Nyie mlioingia nchi hii kwa viza, mnajua jina hilo la polisi linakugusa wapi. Nilipapasa pasipoti mfukoni kabla sijakumbuka kwamba sikuja nayo. Kichwani nikaanza kugawa majukumu: nani atawachukua watoto shule, nani atabaki na deni la gari. Kumbe kila kituo cha kura Kentucky kina sherifu wake, cheo cha siku ya kura tu. Kuna waamuzi wawili, karani na sherifu, na wanagawanywa kati ya vyama viwili ili wachungane. Yaani hata wa kunizuia mlangoni lazima awe na chama. Akaja mzee wa makamo ya babu yangu, sukari ya donati kwenye masharubu, bastola hana, suruali yenyewe kaishika kwa mkono. Akauliza kuna nini. Bibi akamjibu neno moja, "Independent." Mzee akaniwekea mkono begani, vile wanavyomfanyia mfiwa.

"Njoo Novemba, kijana."

Hapo heshima yote niliyokuja nayo ikaisha. Nikauliza kama naweza kupata stika angalau.

"Stika ni za waliopiga kura," akasema bibi, na ile roli ya stika akaivuta upande wake.

Tanzania mgombea asiye na chama haruhusiwi kugombea. Nimewasema sana kwa hilo, kwenye makundi yote ya WhatsApp, kwa sauti ya mtu anayeishi nchi ya demokrasia. Naomba mtu yeyote wa kundi lile asisome hapa.

Na eti sisi ndio wengi! Gallup, wale wa kura za maoni, wakiuliza, zaidi ya asilimia 40 ya Wamarekani wanajiita huru, kuliko wanaojiita Democrat, kuliko wanaojiita Republican. Nikamwambia mama watoto garini kwamba mimi ndiye chama kikubwa. Akasema haohao wakiulizwa swali la pili, wengi wanakiri kuna upande wanaegemea, na mimi kila jioni naigombeza runinga upande uleule, tena kwa majina. Sikujibu. Nilikuwa naendesha.

Angalau mimi nilijua ninachokiwekea alama. California kuna chama kinaitwa American Independent, masalia ya kile alichogombea nacho George Wallace mwaka 1968, yule wa ubaguzi wa rangi. Gazeti la Los Angeles Times lilipowachunguza watu wake mwaka 2016, wengi walikuwa wameweka alama pale wakidhani wanasema hawana chama. Mtu umelala huru, umeamka na Wallace.

Halafu kuna jirani yangu, mzee wa milimani mashariki. Kwenye daftari la wapiga kura ni Democrat tangu ujana, kwa kuwa babu yake alichimba makaa ya mawe. Kura ya urais anampa Republican, kila mara. Kura ya ugavana anampa Andy Beshear, Democrat. Nilimuuliza kwa nini asibadilishe akapumzika, akaniuliza kwani babu yake amenikosea nini. Na si yeye peke yake. Kule kwao kuna kaunti ya Elliott, iliundwa mwaka 1869, haikuwahi kumnyima Democrat kura ya urais mpaka 2016 ilipompa Trump kama kura saba katika kila kumi. Na siku hiyo daftari lao lilikuwa bado limejaa Democrat! Jimbo zima, Republican hawakuwazidi Democrat daftarini mpaka 2022, wakati Democrat wa mwisho kushinda urais hapa ni Bill Clinton, 1996. Miaka yote hiyo watu wameandikwa kule wanapiga huku, na kila mmoja wao, chama chake kikiwa na mchujo, anapewa karatasi. Mimi niliyesema ukweli kwenye fomu ndiye ninayeitiwa sherifu.

Shemeji yangu aliyehamia kaunti ya Bullitt amejiandikisha Republican, na ukimuuliza siasa anapiga miayo. Anasema kule viti vingi vinamalizika kwenye mchujo wao, Novemba watu wanakwenda kutia sahihi tu. Amenipigia simu leo kunipa pole. Nani kamwambia? Tuko wawili tu nyumba hii tuliokuwa kituoni.

Simu ya mama watoto nayo haitulii tangu alipojiandikisha. Wagombea wa majimbo tusiyoyajua hata kwenye ramani wanamwandikia kwa jina lake la kwanza, usiku, kwamba amewavunja moyo, kwamba bila dola zake tano nchi inakwisha. Ndugu wa Tanga angalau huanza na shikamoo. Mimi hawaniandikii hata nukta. Mwanzoni nilisema afadhali. Sasa nimeanza kuona wivu, hebu fikirieni, wivu wa kuombwa hela.

Eti mwaka 1960 Wamarekani walipoulizwa kama wangekereka mtoto wao akioana na wa chama kile kingine, waliokubali walikuwa kama mmoja kati ya ishirini. Kufika 2010 ilikuwa karibu nusu ya Republican na theluthi ya Democrat. Na binti yangu mkubwa yuko chuoni, kuna kijana anamtaja mno siku hizi. Mama yake anataka kujua kijana ni chama gani. Mimi nataka kujua kama anajua magari, maana la kwangu kwanza liligoma kuwaka pale kituoni mbele ya foleni yote. Fundi anasema si betri, ni alteneta. Juzi alisema si alteneta, ni betri, nikanunua betri. Na saa nne usiku naingia zamu.