Fentanili kwenye epidurali: ihesabiwe kwa saa, si kwa mfuko

Ukitazama mfuko wa dawa unaotundikwa pembeni mwa kitanda cha mama aliyechomwa epidurali, ile sindano ya ganzi ya mgongoni, mara nyingi utakuta dawa mbili ndani yake. Moja ni bupivakaini, inayotia ganzi. Ya pili ni fentanili, dawa ya jamii ya afyuni, kwa kawaida mikrogramu 2 katika kila mililita. Mikrogramu 2 ni kitu kidogo mno. Lakini pampu ikipitisha mililita 10 kwa saa, hizo ni mikrogramu 20 kila saa, na mama wa uzazi wa kwanza anaweza kukaa saa nane tangu achomwe sindano mpaka mtoto atoke. Jumla 160, kabla hujaongeza zile anazojipa mwenyewe kwa kubonyeza kitufe maumivu yanapozidi.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ubishi wote kuhusu fentanili na kunyonyesha umekaa juu ya namba 150. Mwaka 2005 watafiti wa Mount Sinai, New York, waliwafuatilia wanawake 180 waliokwisha kunyonyesha watoto waliotangulia. Wiki sita baada ya kujifungua, katika kundi lililopata zaidi ya mikrogramu 150 za fentanili, asilimia 17 walikuwa wameacha kunyonyesha. Kwa ambao hawakupewa kabisa, ni asilimia 2 tu. Tangu hapo wako wanaotaka fentanili iondolewe kwenye epidurali, na siwalaumu. Dawa hii huingia kwenye damu ya mama na kuvuka kondo, na mtoto anayesinzia hashiki titi vizuri.

Wanachosahau ni kilichoifanya iingizwe. Zamani epidurali ilikuwa bupivakaini peke yake, kali, asilimia 0.25. Maumivu yalikwisha, na nguvu za miguu zikaenda nayo. Mama alilala kama aliyefungwa, na wakati wa kusukuma ulipofika hakujua asukume wapi. Fentanili inasaidiana na ganzi kwenye uti wa mgongo, hivyo bupivakaini inaweza kupunguzwa hadi asilimia 0.1 na maumivu yakatulia vilevile. Uingereza walilipima hilo kwa wanawake 1,054 wa uzazi wa kwanza, na majibu yakatoka mwaka 2001. Kwa ganzi kali ya peke yake, waliojifungua wenyewe bila kisu wala vifaa vya kumvuta mtoto walikuwa 35 katika kila 100. Kwa ganzi hafifu yenye fentanili, 43. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa. Mwasho wa ngozi, ambao fentanili huuleta kweli na humsumbua mama, hauwezi kuwekwa mizani moja na mtoto kuvutwa kwa koleo.

Na hofu ya kunyonyesha? Mwaka 2017, Chicago, walijaribu upya kwa wanawake 345: kundi moja bila fentanili, jingine mikrogramu 1 kwa mililita, la tatu mikrogramu 2. Baada ya wiki sita, walioendelea kunyonyesha hawakupungua asilimia 94 katika kundi lolote. Wengi waliona kesi imefungwa. Mimi sioni hivyo, maana wanawake wa Chicago nao walikuwa wamewahi kunyonyesha, sawa na wale wa New York. Anayejua kumweka mtoto titini atamsaidia hata mtoto mzito wa usingizi. Anayeshika mtoto kwa mara ya kwanza hana ujuzi huo, na ndiye leba yake huwa ndefu, ndiye jumla yake hupanda. Wanawake wale wa Uingereza walipofuatiliwa, fentanili haikuonekana kupunguza kunyonyesha, na hilo linanipa moyo. Ila wenzao waliopata pethidini, dawa nyingine ya maumivu ya jamii ya afyuni, ndio walioanza kunyonyesha kwa uchache.

Jambo hilo la pethidini linatuhusu Afrika Mashariki, ambako epidurali bado ni ya wachache. Kumwambia mama aikimbie epidurali kwa sababu ya fentanili, kisha akachomwa pethidini ya msuli, ni kumtoa kwenye kidogo na kumtia kwenye kikubwa: mabaki ya pethidini hukaa siku kadhaa mwilini mwa mtoto mchanga.

Ningependa fentanili ibaki, ianzie chini pale kiasi kidogo kinapotosheleza, na jumla yake iandikwe kwenye faili la mama kama inavyoandikwa damu aliyopoteza. Mkunga wa wodi ya wazazi akipokea mama wa uzazi wa kwanza mwenye mikrogramu 200, ajue kwamba huyu asiachwe peke yake anaponyonyesha mara za mwanzo, na kwamba mtoto akisinzia titini aamshwe, si apewe chupa.