Saratani ya damu: kipimo cha jeni kinamfaa nani?

Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande cha uvimbe wa mtoto kutoka Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilipomfikia mtafiti wa London, Anthony Epstein, majimaji yake yalikuwa yamebadilika kuwa kama ya ukungu, ikadhaniwa bakteria wameshaiharibu. Ilipowekwa chini ya hadubini zikaonekana chembe za saratani zikielea zenyewe, hai. Kutoka kwenye chembe hizo, mwaka 1964, vikatambuliwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, vikaitwa Epstein-Barr.

Uvimbe ule ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe inayovimbisha taya la mtoto. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Mwaka 1982 ikajulikana kinachotokea ndani ya chembe: jeni iitwayo MYC hukatika kutoka kromosomu (fungu la vinasaba) ya 8 na mara nyingi hujipachika kwenye ya 14, mahali ambapo haizimwi tena. Chembe inabaki kugawanyika tu. Leo watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona Ulaya na Marekani. Afrika Mashariki, ulikoelezwa kwanza, taarifa nyingi za hospitali zinaonyesha wanaopona ni nusu yao au pungufu.

Ukiyaweka haya mawili pamoja, unawaelewa wanaosema utafiti wa jeni usubiri kwanza. Mimi siwabezi. Wanajua kwamba mtoto wa Burkitt huanza kulegea meno, akapelekwa kung'olewa, akatibiwa jino na jipu wiki kadhaa kabla mtu hajafikiria saratani. Wanajua kwamba mzazi akiishiwa nauli anaondoka wodini baada ya dozi ya pili, na kwamba damu ya kuongezea ikikosekana dawa yenyewe inaweza kumuua mgonjwa kabla ya saratani. Mashine ya kusoma vinasaba haitibu hata moja kati ya hayo. Tena wanayo hoja ninayoiona nzito kuliko zote: miaka zaidi ya arobaini tangu MYC ijulikane, haijapatikana dawa iliyoidhinishwa ya kuizima. Wale watoto tisa kati ya kumi wanaponywa hasa na dawa za zamani, cyclophosphamide, vincristine, methotrexate, zikitolewa kwa dozi kamili na wauguzi wa kutosha, kwenye wodi ambayo maambukizi hushughulikiwa usiku uleule.

Kwenye lukemia kali ya maieloidi, saratani ya damu inayokwenda kasi, wako sahihi pia. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis kilisoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, ya saratani ya mgonjwa kwa mara ya kwanza, na mgonjwa huyo alikuwa mwanamke mwenye lukemia hii. Tangu hapo jeni nyingi zimejulikana, na kwa mojawapo, FLT3, dawa ya midostaurin iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Lakini midostaurin hutolewa juu ya kemotherapi kali inayofuta chembe zote za uboho kwa wiki kadhaa. Pasipo chembe sahani (zinazogandisha damu) za kuongezea na viuavijasumu vya kutosha, kumtajia mgonjwa jina la jeni yake iliyoharibika ni kumpa habari isiyomsaidia.

Hata hivyo hoja hiyo inavunjika mara unapofika kwenye lukemia sugu ya maieloidi, saratani ya damu inayokwenda polepole. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwa wagonjwa hawa, ikapewa jina la mji wao, Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Muungano huo huzaa jeni ya BCR-ABL, na dhidi ya zao lake kikatengenezwa kidonge cha imatinib, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanzishiwa kidonge hicho, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka kumi. Hakuna haja ya wodi maalumu. Mtu anameza dawa nyumbani, anakwenda shambani au kazini.

Imatinib ilifika kwetu kwa njia ambayo watetezi wa "huduma kwanza, jeni baadaye" huisahau. Mpango wa kuwapa wagonjwa wa nchi maskini dawa hii bure, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kampuni ya dawa ya Novartis pamoja na taasisi ya Max Foundation, ulidai uthibitisho kwamba mgonjwa ana kromosomu ya Philadelphia au BCR-ABL. Kwa maneno mengine, kipimo cha jeni ndicho kilikuwa ufunguo wa kabati la dawa. Asiyepimwa alibaki na bandama lililovimba, akitibiwa malaria au kichocho. Na mashine iliyorahisisha kazi hiyo tayari ilikuwa ndani ya nyumba: GeneXpert, ileile tunayoijua kwa kupima kifua kikuu, ina katriji (kikasha cha kipimo kinachotumika mara moja) ya BCR-ABL inayotoa jibu ndani ya saa chache.

Tatizo huja baada ya siku ya kwanza. Miongozo inataka kipimo kila miezi mitatu mwanzoni, kuona kama jeni hiyo inapungua, ili dawa ikigoma mgonjwa ahamishiwe nyingine mapema. Katriji zikiisha, anaendelea kumeza kidonge kisichofanya kazi tena bila yeye wala daktari kujua. Kuna pia wagonjwa ambao, baada ya miaka ya matokeo mazuri, huweza kuacha dawa kabisa, na takriban nusu yao ugonjwa haurudi. Nafasi hiyo ni ya anayepimwa mara kwa mara tu. Kwa nchi zinazotegemea dawa ya msaada, naona ajabu kwamba jambo hili halizungumzwi zaidi.

Liko jambo jingine linalonifanya nisikubali kukaa kando ya utafiti huu, nalo halihusu jeni za saratani bali jeni za mgonjwa mwenyewe. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana badiliko katika jeni ya Duffy, lililotukinga na aina ya malaria iitwayo vivax. Wenye badiliko hilo huwa na neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, chache kwenye damu wakiwa wazima kabisa. Majaribio mengi ya dawa hudai neutrofili zisizopungua 1,500 kwa kila maikrolita. Mtu mwenye afya ya kawaida ya kwao anaweza kukataliwa, au dozi yake ikacheleweshwa, kwa sababu mizani ilitengenezwa kwa damu ya watu wengine. Haishangazi: hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 78 ya walioshiriki tafiti za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, Waafrika wakiwa asilimia 2. Kusubiri mpaka hospitali zetu zijae kila kitu ndipo tuingie ni kukubali kupimwa kwa mizani hiyo kwa kizazi kingine.

Kwa hiyo swali ninalouliza kuhusu kila mradi ni kama jibu lake litamkuta mgonjwa. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Sampuli inayosafirishwa ng'ambo ikarudi kama makala baada ya mwaka haikumhusu mtoto aliyeitoa. Ndiyo maana mradi wa AI-REAL, unaowaunganisha watafiti wa Oxford na wenzao wa Tanzania na Uganda, unanipa moyo kuliko mingine mikubwa zaidi. Wanatafuta alama za saratani na za virusi vya Epstein-Barr kwenye damu ya kawaida ya mkononi, ili mtoto asisubiri upasuaji wa kuchukua kinyama na foleni ya patholojia, na lengo ni vinasaba visomwe hukuhuku.

Wanaosema nauli na damu kwanza wanaweza kukaa meza moja na watafiti hawa, na naona wanapaswa kudai jambo moja waziwazi: fedha za kusoma jenomu zije pamoja na fedha za katriji, za damu salama na za kumrudisha mzazi hospitalini kwa dozi ya tatu, ziandikwe kwenye bajeti ileile tangu siku ya kwanza.