Plasta Nayo Ni Tiba

Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana katika wadi ya wanawake ya hospitali moja ya pwani, nilimwondolea dripu bibi mmoja wa Lamu aliyekuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Homa ya mapafu ilikuwa imemwachia, binti zake walikuwa wamesimama mlangoni wakiwa na buibui lake, na mashua ilikuwa ikiwangoja gatini. Nilishika ncha ya plasta nikaivuta kwa mara moja kwenda juu, kama nilivyowaona wakubwa wangu wakifanya, kwa imani kwamba maumivu ya haraka ni afadhali kuliko ya polepole. Plasta ilitoka na ngozi. Mgongoni mwa mkono wake pakabaki alama nyekundu inayong'aa, pana kama jani la mkunazi, na pembeni yake ngozi laini kama ganda la ndani la kitunguu ilikuwa imejikunja. Bibi hakupiga kelele. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, umenitonesha," kisha akauliza kama mkono ule utaweza kutiwa maji ya udhu. Alikuja na maradhi yake, akaondoka na kidonda nilichompa mimi.

Tulipokuwa chuoni, ufundi uliosifiwa ulikuwa ni kuupata mshipa kwa sindano moja. Kubandika plasta kulihesabiwa kuwa ni kumalizia tu, kazi ya kumwachia mwanafunzi huku mwenye ujuzi akielekea kitanda cha pili. Naamini hapo ndipo tulipokosea mizani, na tunaendelea kukosea hadi leo. Sindano huingia kwa muda usiofika dakika moja, lakini plasta hukaa siku kadhaa, na katika siku zote hizo ndiyo inayolinda mlango tuliouacha wazi kwenye mwili wa mgonjwa. Kuibandika vizuri, kuikagua na kuibandua bila kuumiza ni sehemu ya tiba yenyewe, na kunastahili muda, vifaa na usimamizi uleule tunaoupa dawa.

Kanula, ule mrija mdogo wa dripu unaobaki ndani ya mshipa, isiposhikizwa barabara haitulii. Mgonjwa anapogeuka, anapojikokota kwa kushika ukingo wa kitanda, au anapoinua kikombe cha uji, mrija ule huingia na kutoka kidogo kidogo kwenye tundu lake. Kwa ndani hukwaruza ukuta wa mshipa hadi ukavimba. Na kila unaporudi, hukokota vijidudu vilivyokuwa vikiishi kwa amani juu ya ngozi na kuviingiza mahali ambapo havikupaswa kufika. Vikifika kwenye damu, mgonjwa aliyeletwa kwa kuharisha anaweza kufa kwa maambukizi aliyoyapata kitandani. Na sisi wa huku tuna jambo letu la kuzingatia, kwa kuwa vitabu vingi vinatuambia tutafute wekundu, na wekundu hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi, sembuse kwenye mkono wa bi harusi uliojaa hina. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasitegemee macho peke yake. Waweke kidole juu ya plasta, wabonyeze taratibu, waulize kama panauma, walinganishe joto la mkono huu na la mkono wa pili.

Kuna desturi moja inayonichoma moyo kila niionapo. Muuguzi anakata vipande vinne au vitano vya plasta kutoka kwenye roli iliyokaa mfukoni mwake tangu asubuhi, anavibandika kwenye ukingo wa kitanda vining'inie humo wakati anatafuta mshipa, kisha anavichukua kimoja kimoja na kuvibandika juu ya tundu la sindano. Ukingo ule umeshikwa na mgonjwa, na jamaa zake, na mgonjwa wa jana. Tumepaka spiriti kwa uangalifu, tumengoja ikauke, halafu tukabandika uchafu wa kitanda juu ya mahali tulipopasafisha. Palipo na tundu panahitaji kitu kisafi kisichoguswa, ama gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, iliyotolewa kwenye pakiti yake wakati uleule, ama plasta angavu inayomruhusu muuguzi kuona kilicho chini yake. Plasta ya roli ishikize mrija pembeni, mbali na tundu.

Hali ya hewa yetu nayo haisaidii. Kabla ya kusi kuanza, joto la Lamu humlowesha mgonjwa jasho hata akiwa amelala chini ya feni, na plasta iliyobandikwa juu ya jasho huanza kunyanyuka pembeni kabla ya magharibi. Jamaa kwa mapenzi yao humkanda mgonjwa kwa mafuta ya nazi, na hakuna gundi inayoshika juu ya mafuta. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kuhusu katheta, yaani mirija, za mishipa mikubwa, unataka gozi ibadilishwe kila baada ya siku 2 na plasta angavu angalau kila baada ya siku 7, na yoyote kati ya hizo ibadilishwe mara tu inapolowa, kulegea au kuchafuka. Kwetu sisi, hilo la mwisho ndilo linalotawala. Hatuna ruhusa ya kungoja siku ya saba ikiwa plasta imelowa siku ya pili, wala kubandika nyingine juu yake, maana kufanya hivyo ni kufungia unyevu ndani. Tuoshe mafuta, tukaushe ngozi kabisa, ndipo tubandike. Na mgonjwa anayetaka kuswali aambiwe mapema, kwa heshima, kwamba aliyezuiwa maji na maradhi ana ruhusa ya kutayamamu. Nimewaona wazee wakificha mkono chini ya shuka ili tusijue kwamba wamelowesha dripu, kwa kuwa hakuna aliyezungumza nao.

Wapo wenzangu wanaosema tatizo ni umaskini, kwamba tungekuwa na vifaa vya kisasa haya yote yangekwisha. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Queensland, Australia, kwa wagonjwa zaidi ya 1,600, ukilinganisha njia 4 za kushikiza kanula, kuanzia plasta angavu ya kawaida hadi kifaa maalumu na gundi ya ngozi. Hakuna iliyothibitika kuishinda ile ya kawaida, na katika nchi tajiri kama ile kanula takriban 4 kati ya 10 ziliharibika kabla ya kazi yake kwisha. Mimi nilipousoma sikukata tamaa. Niliona kwamba kifaa ghali hakiwezi kuchukua nafasi ya mkono unaorudi kukagua, na mkono huo tunao.

Mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kibofuni ili kuutoa mkojo, ndio unaoteswa zaidi, labda kwa sababu watu huona haya kuutazama. Kila siku moja unapokaa, uwezekano wa vijidudu kupatikana kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, kwa hiyo swali la kwanza la kila asubuhi liwe kama bado unahitajika. Ukiwa unahitajika, lazima ushikizwe pajani, au kwa mwanamume hata chini ya tumbo, ili uzito wa mfuko usiuvute. Mpira unaovutwa mchana na usiku huchana polepole mdomo wa njia ya mkojo, na jeraha lile hurekebishwa kwa shida.

Niliwahi kumweleza haya nahodha mmoja mstaafu kutoka Kisiwa cha Pate, aliyekuwa amezibwa mkojo na tezi dume. Nilimwonyesha jinsi ninavyoacha mpira ulegee kidogo kati ya mwili na mahali ulipobandikwa, ili akinyoosha mguu usikazike. Alicheka. "Kumbe ni kama kufunga chombo, Sista. Ukikifunga kwa kamba fupi maji yamejaa, yakipwa kitaning'inia. Ukikipa kamba ndefu mno, kitajigonga." Nikamwambia, "Ndivyo hivyo, Baba," na tangu siku hiyo nimelitumia somo lake kuliko la kitabu chochote. Lakini safari yake ya kurudi nyumbani ilinitia wasiwasi. Jamaa walitaka akae chini katikati ya boti, miguu ameinyoosha, mfuko wa mkojo ameupakata uwe safi. Mfuko ukipanda juu ya kibofu, mkojo hurudi ulikotoka pamoja na vijidudu vyake. Tuliumwaga kwanza, tukamkalisha kwenye ubao wa juu, tukaufunga mfuko kwenye shavu la mguu, mbali na maji ya ngama yanayotuama chini ya boti. Tunawaruhusu wagonjwa wengi waende visiwani na mipira yao bila kutamka neno hata moja kuhusu boti.

Ninachoiomba serikali ya kaunti ni kitu kidogo: plasta angavu, gozi ndogo na plasta laini zihesabiwe pamoja na dawa wakati wa kuagiza, badala ya jamaa kuandikiwa karatasi waende kutafuta madukani, ambako hurudi na plasta yoyote waliyoipata, mara nyingi ile inayong'ang'ania kuliko zote. Na tarehe iandikwe juu ya kila plasta kwa kalamu, ili zamu inayoingia isikisie.

Mwaka 2013 wataalamu nchini Marekani walichapisha makubaliano yao kuhusu majeraha ya ngozi yanayotokana na plasta za hospitali, wakayapa jina lake rasmi. Nilipoyasoma nilimkumbuka yule bibi. Uzeeni tabaka la juu la ngozi halishikamani tena sana na la chini yake, na kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia halijakomaa, hivyo gundi huweza kuwa na nguvu kuliko ngozi yenyewe. Siku hizi ninapombandua mzee, naloanisha ukingo wa plasta kwa gozi yenye maji ya uvuguvugu, namwomba mwanafunzi aizuie ngozi kwa kidole palepale inapoachana na gundi, kisha naikunja plasta ijilalie yenyewe, naisogeza chinichini, sambamba na mkono, bila kuinyanyua. Huchukua dakika mbili, wakati mwingine tatu, na mara nyingi mgonjwa huniuliza kama nimeanza, ilhali plasta tayari iko mkononi mwangu.