Kila shule ya msingi iwe na benki ya mbegu za kienyeji

Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa uamuzi ulionifurahisha kuliko habari nyingine yoyote ya mwaka ule. Vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomgeuza mkulima kuwa mhalifu kwa kumuuzia au kumgawia jirani mbegu zisizoidhinishwa vilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, ungeweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Waliokwenda kortini mwaka 2022 ni wakulima wadogo 15. Nawashukuru kwa moyo wote.

Sasa njia imefunguka, maoni yangu ni haya: kila shule ya msingi iwe na benki ya mbegu za kienyeji, na walimu wa kwanza wa benki hiyo wawe akina mama wazee wa mtaa ule ule.

Shule nyingi zina kipande cha ardhi, na watoto wapo kila siku. Mtaala wa umilisi (CBC) unawataka wajifunze kilimo kwa vitendo, na vilabu vya 4-K, vya kilimo shuleni, vilifufuliwa mwaka 2021. Lakini mtoto akiagizwa kupanda mboga, mzazi hukimbilia agroveti, duka la pembejeo, kununua pakiti ya sukuma wiki au spinachi. Mtoto anapanda, anachuma, anapewa alama, basi. Muhula ujao, pakiti nyingine. Hajawahi kuona mmea ukiachwa shambani mpaka uzae mbegu, na kwangu mimi hilo ndilo somo lenyewe.

Chukua managu, yaani mnavu. Unateua mashina machache yenye afya na kuyaacha bila kuyachuma, mpaka vitunda viive na kulainika. Unaviponda ndani ya bakuli la maji na kuviacha usiku kucha. Asubuhi unakoroga: maganda na mbegu pungufu huelea, mbegu nzima huzama. Unamwaga yaliyo juu, unasuuza mara kadhaa, kisha unaanika kivulini juu ya kitambaa. Zikikauka kabisa, zinatiwa kwenye kibuyu au chupa yenye kifuniko kinachobana. Mbegu za kunde huchanganywa na majivu ya kuni yaliyochekechwa, maana bila majivu fukusi hazichelewi kuzitoboa. Kabla ya msimu, hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, subiri siku kadhaa, hesabu zilizoota. Hapo darasa limepata sayansi na asilimia kwa mpigo mmoja, bila kununua chochote.

Mambo haya akina mama wazee wanayajua kwa mikono yao. Wanajua saga (mgagani) ipi huchelewa kutoa maua, na kunde ipi huvumilia jua. Wakiondoka bila kumwachia mtu, hakuna pakiti itakayoturudishia ujuzi huo. Ndiyo, taifa lina benki yake ya jeni, ghala la baridi la kuhifadhi mbegu, kule Muguga, na ni hazina kubwa. Lakini mbegu iliyo kwenye ghala hilo la baridi haizoei mvua zinavyobadilika. Inayopandwa kila msimu mtaani inazoea. Kule Gilgil, shirika la Seed Savers Network limekuwa likiwafundisha wakulima kutunza na kubadilishana mbegu zao, kwa hiyo jambo hili si ndoto.

Sisemi kila kitu kitoke kwa jirani. Mahindi chotara ukipanda tena mbegu uliyovuna, mazao hushuka, kwa hiyo ya kununua na yanunuliwe. Viazi na vipando vya mihogo hubeba magonjwa, na hapo mbegu safi iliyokaguliwa ni lazima. Mboga za majani, kunde, maharagwe na maboga ndiyo yaanze.

Na akina mama hao walipwe. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwapa wanawake malipo madogo kwa kila mche ulioshika, na miti ikaota kwa mamilioni. Posho ya siku chache kila msimu haiwezi kuishinda kaunti. Mikutano ya wazazi ya muhula wa kwanza huja kabla ya mvua za Machi. Pale inapojadiliwa pesa ya chakula cha mchana, mzazi mmoja na asimame aombe kabati lenye kufuli, chupa za vioo, na ruhusa ya kuwaalika wazee wetu shuleni.